Pimeni lami ikiwa imelowa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara zetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi, Watendaji Wakuu wa TANROADS na TARURA, na Bodi ya Mfuko wa Barabara.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya vifaa vya ujenzi wa barabara. Napima udongo, kokoto, lami na zege, leo mkoa huu, mwakani mkoa mwingine, kadiri miradi inavyonipeleka. Hakuna mkandarasi ninayemtetea wala ninayemwinda. Nimechagua kuandika hadharani kwa sababu fedha zenyewe ni za hadhara: kila anayeweka mafuta, hata dereva wa bodaboda anayenunua lita moja moja, analipa tozo inayoingia Mfuko wa Barabara. Huyo naye ana haki ya kujua barabara yake imepimwa vipi kabla ya utepe kukatwa.

Ombi langu ni hili: lami nzito yote inayowekwa kwa fedha za umma ipimwe uwezo wake wa kustahimili maji, na isiwe mara moja tu kwenye makabrasha ya usanifu. Ipimwe inapotoka mtamboni, ipimwe tena ikiwa barabarani miaka inavyokwenda, na majibu yawekwe wazi.

Kuna maji ya aina mbili, na naomba tusiyachanganye. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023, kisha Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi na kuacha abiria wamekwama pande zote mbili. Nchi nzima iliona kwenye televisheni, mitambo ikapelekwa, mawaziri wakafika. Maji hayo sina la kuongeza. Ninayoyasemea ni yale yanayoingia kwenye lami kidogo kidogo, masika haya na vuli ile, yakakaa ndani na kuitenga lami na kokoto zake. Hayo hayaleti kamera. Yanaleta mashimo mwaka wa tatu au wa nne, wakati mkandarasi ameshakabidhi kazi na kuhamisha kambi, na kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, ambacho kwenye mikataba mingi ni mwaka mmoja, kimeshapita. Shimo hilo linazibwa kwa fedha za matengenezo, na kwenye hesabu linaandikwa kama uchakavu wa kawaida.

Watakaosoma barua hii si wahandisi wote, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo. Lami nzito ni kokoto na vumbi la mawe vilivyochanganywa na lami ya moto. Lami yenyewe kwa uzito ni kama asilimia 5 tu, nayo ndiyo inayozishika hizo 95 nyingine. Sasa mawe hayalingani. Jiwe lenye silika nyingi, kama granaiti, hupatana na maji kuliko na lami, na maji yakipata upenyo hujiingiza katikati na kuibandua lami. Jiwe la chokaa, kama lile la Tanga, hushikana na lami vizuri zaidi. Mwanza, Singida, Dodoma na Iringa tumejaliwa granaiti, na sina ugomvi nayo. Ni ngumu, haisagiki ovyo chini ya magurudumu, na sehemu nyingi ndiyo iliyopo. Lakini inahitaji kusaidiwa, na msaada wake unajulikana: chokaa iliyozimwa, kwa kawaida asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa kokoto, au dawa za maji za kuongeza mshiko zinazotiwa kwenye lami yenyewe. Jimbo la Georgia kule Marekani, ambalo nalo lina granaiti nyingi, limekuwa likidai chokaa kwenye lami yake tangu miaka ya 1980. Chokaa sisi tunachoma wenyewe.

La pili ni matundu. Lami iliyoshindiliwa hubaki na uwazi mdogo mdogo ndani yake. Ukiwa mchache, maji hayapati njia. Ukiwa mwingi sana, yanaingia na kutoka. Pabaya ni katikati, pale maji yanapoweza kuingia lakini hayawezi kutoka. Ronald Terrel na Saleh Al-Swailmi, waliofanya utafiti huo Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliliweka eneo hilo baya kwenye takriban asilimia 8 hadi 12. Namba hizo ni za kuogopesha, maana ni rahisi sana kuzifikia. Tipa linatoka mtamboni na lami ya nyuzi 160, linakaa foleni Kimara, jua likizama bado halijamwaga mzigo. Likifika, lami ya pembeni na ya juu imeshapoa. Ikishuka chini ya nyuzi 90 hivi rola linazunguka kwa ajili ya picha tu, kwa sababu mchanganyiko haushuki tena. Siku inayofuata barabara inang'aa, alama nyeupe zimechorwa, na matundu ya asilimia 9 au 10 yamelala humo yakisubiri Machi.

Kisha yanakuja malori. Lori la mzigo wa Zambia au Kongo likipita juu ya lami iliyolowa, gurudumu hubana maji yaliyomo kwenye matundu, likipita huyaachia, halafu gurudumu la nyuma yake linayabana tena. Hesabuni magurudumu yanayopita Mikumi kwenda Tunduma kwa usiku mmoja wa mvua. Kwa hiyo tunapolaumu uzito wa malori peke yake tunasema nusu ya habari. Mzigo uleule juu ya lami kavu na juu ya lami iliyoshiba maji hautoi matokeo mamoja.

Sasa vipimo. Kipimo cha Marshall, ambacho maabara nyingi tunakifanya karibu kila siku ya kazi ya lami, hulaza sampuli kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 30 hadi 40 kabla ya kuibana. Dakika hizo zimewekwa ili kuipasha joto sampuli. Hazitoshi kuijaribu kwa maji. Mtu anayeonyesha jibu zuri la Marshall na kusema lami yake inavumilia masika anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Kipimo kinachojibu swali letu kipo tangu zamani. Robert Lottman wa Chuo Kikuu cha Idaho alichapisha njia yake 1978, na baada ya kurekebishwa leo inajulikana kama AASHTO T 283, kiwango cha Marekani. Unatengeneza sampuli sita au zaidi na kuziacha kwa makusudi na matundu ya asilimia 7, si asilimia 4 ya kwenye usanifu, kwa sababu barabara mpya inafanana zaidi na hiyo saba. Nusu unaziweka zikiwa kavu. Nusu nyingine unazitia majini, unavuta hewa kwa pampu mpaka maji yajaze asilimia 70 hadi 80 ya matundu, unazigandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 16, halafu unazihamishia kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa 24. Mwisho zote zinaletwa nyuzi 25 na kupasuliwa kwa kubanwa ubavuni. Nguvu ya zilizolowa ikigawanywa kwa nguvu ya kavu, uwiano unaotakiwa na wengi ni 0.80 au zaidi.

Najua atakayeuliza kuganda kunatuhusu nini. Ni kweli, ukiacha Kitulo asubuhi za Julai, barabara zetu hazioni barafu. Kiwango kingine cha Marekani, ASTM D4867, kinakifanya kipengele hicho kuwa cha hiari, na nchi za Ulaya kwa EN 12697-12 hulowesha kwa maji ya nyuzi 40 kwa saa takriban 70 bila kugandisha kabisa. Wizara ichague njia moja na kuitangaza ili maabara zote zipime sawasawa. Ubishi wa barafu usiwe sababu ya kutopima.

Kinachonifundisha zaidi hata hivyo si namba. Sampuli ikishapasuka naziweka nusu mbili mezani karibu na dirisha. Ile kavu ni nyeusi tii, na hapa na pale utaona kokoto iliyovunjika yenyewe katikati, maana yake lami ilishika mpaka jiwe likasalimu amri. Ile iliyolowa, kama mchanganyiko ni dhaifu, ina madoa ya kijivu na meupe. Kokoto zimetoka nzima. Pale zilipokuwa zimekaa limebaki shimo lenye umbo la jiwe, na ukipitisha kidole juu ya kokoto yenyewe hakuna weusi unaobaki. Kiwango kinamtaka fundi akadirie kwa macho kiasi cha lami iliyobanduka na kukipa alama kati ya 0 na 5. Nafasi hiyo kwenye fomu mara nyingi naikuta tupu. Mhandisi mshauri anataka uwiano, mkandarasi anataka uwiano, na picha ya jiwe tupu haina safu yake kwenye ripoti.

Na uwiano nao una mtego wake. Tuseme mchanganyiko wa kwanza una nguvu ya kilopaskali 500 ukiwa mkavu na 425 ukiwa umelowa: 0.85, umefaulu. Wa pili una 1,000 mkavu na 780 umelowa: 0.78, umefeli. Ila huo uliofeli, hata ukiwa umelowa, unaushinda ule wa kwanza ukiwa mkavu. Ndiyo maana naomba masharti ya mikataba yataje vyote viwili, uwiano na kiwango cha chini cha nguvu ya sampuli iliyolowa. Mkataba unaotaja uwiano tu unamfundisha mkandarasi kutafuta uwiano tu.

Gharama haitutishi kiasi tunachodhani. Mashine ya Marshall hubana kwa kasi ya milimita 50 kwa dakika, na kasi hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye kipimo hiki. Maabara ya mradi yenye mashine ya Marshall, tanuri na bafu la maji ya moto inahitaji vibanio vya kupasulia, pampu ya kuvutia hewa, na friza kama mtachagua njia yenye kuganda. Kinachouma zaidi ni muda, maana kuanzia kuchanganya hadi kupasua ni karibu wiki, na wiki moja kwenye saiti yenye mitambo ya kukodi ni maneno. Basi muda huo uandikwe kwenye ratiba ya kazi tangu zabuni, mkandarasi auwekee bei yake kama anavyoweka bei ya kila kitu kingine.

Pamoja na yote hayo, sitaki mniondokee mkidhani T 283 ndiyo mwisho wa habari. Inajaribu lami changa kwa mzunguko mmoja wa maji. Barabara inapata msimu mmoja au miwili ya mvua kila mwaka, lami inazeeka na kukakamaa kwa jua, nyufa nyembamba zinafunguka, maji yanarudi. Imewahi kutokea katika nchi mbalimbali mchanganyiko uliofaulu maabara ukaharibika barabarani, na uliofeli ukadumu. Wajerumani wa jiji la Hamburg walikuja na njia ya kuchanganya maji na mwendo: tairi la chuma lenye mzigo wa niutoni 705 hupita hadi mara 20,000 juu ya sampuli iliyozama kwenye maji, mara nyingi ya nyuzi 50. Mchoro wa kubonyea hushuka taratibu, halafu mahali fulani unapinda na kushuka kwa kasi. Unapopinda ndipo lami inapoanza kuachia jiwe. Sisemi kila mkoa uwe na mashine hiyo. Maabara Kuu ya vifaa vya ujenzi ya TANROADS ikihudumia kanda zote kwa sampuli kutoka miradi mikubwa, hasa njia za malori, tutakuwa tumepiga hatua.

Lakini sampuli zitoke wapi? Hapa ndipo nina neno zito kuliko yote. Kokoto zinazoletwa kwa ajili ya usanifu zimechambuliwa, zimeoshwa, zimeanikwa, zimepangwa mezani kama chakula cha mgeni. Zinazoingia mtamboni miezi sita baadaye zimetoka sehemu nyingine ya machimbo, zina vumbi la udongo limezing'ang'ania, na jana zilinyeshewa. Lami haishiki jiwe, inashika vumbi, na vumbi halishiki kitu. Kama kipimo cha maji kinafanywa kwenye zile za kwanza peke yake, tumepima barabara ambayo haitajengwa. Sampuli ichukuliwe kwenye tipa, bila kutoa taarifa, na fundi wa mwenye mradi ndiye aichukue kwa mkono wake.

Nimewahi kuwa kwenye mradi mmoja ambako majibu ya lami ya mtamboni yalitoka mabaya, na kikao cha saiti kikatumia asubuhi nzima kujadili kama bafu la maji lilikuwa na joto sahihi. Lilikuwa sahihi. Hakuna aliyeuliza chokaa iliyoandikwa kwenye usanifu ilikuwa wapi, ingawa ghala lilikuwa hatua chache kutoka pale tulipokaa. Watu hawakuwa wabaya. Tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa. Kwa hiyo ninapoomba majibu yawekwe wazi sitafuti wa kumuaibisha. Nataka kuwe na kitu kinachoweza kushindana na tarehe ya uzinduzi, kwa sababu karatasi inayoishia kwenye faili la mradi haina nguvu hiyo.

Baada ya barabara kufunguliwa ndipo kazi ya muda mrefu inapoanza, na huko ndiko tuko nyuma zaidi. Wamarekani na Wakanada walianzisha mpango wa kufuatilia barabara zao 1987, vipande zaidi ya 2,500, mwaka baada ya mwaka, wakirudi palepale kupima. Sisi hatuhitaji vipande 2,500. Mwongozo wetu wa usanifu wa matabaka wa 1999 uliigawa nchi kwenye kanda za hali ya hewa, kavu, ya wastani na yenye mvua nyingi. Chukueni vipande vichache kwa kila kanda. Uyole–Kasumulu ipo, inapita Tukuyu ambako mvua huvuka milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma–Singida ipo, penye ukame na granaiti. Chalinze–Dar es Salaam ipo, yenye malori kuliko zote. Kateni sampuli za duara baada ya masika ya kwanza, kisha mwaka wa tatu, wa tano na wa nane, zilinganishwe na majibu ya siku lami ilipotoka mtamboni. Kila mahali zikatwe pawili, kwenye njia ya magurudumu na katikati ya njia hizo. Lami ni ileile, mvua ni ileile, tofauti ni gurudumu tu, na hapo utajua ni kiasi gani cha ubovu kimeletwa na maji peke yake na kiasi gani na maji yaliyobanwa. Na tundu lililokatwa lizibwe vizuri kwa lami iliyoshindiliwa, tusije tukawa sisi wa maabara ndio tunaochimba mashimo.

Kabla hata ya kukata, barabara yenyewe inasema. Mvua ikikatika na jua likatoka, tembeeni kwa miguu kilometa moja. Sehemu kubwa itakauka kwa muda mfupi, lakini kuna mabaka yatakayobaki na unyevu, na kando ya nyufa mtaona unga mweupe au wa kijivu umejipanga. Ni vumbi la mawe lililosukumwa juu na maji kutoka chini. Mameneja wa mikoa wakipewa fomu ya kurasa mbili ya kuandika mabaka hayo kila baada ya masika, tutakuwa na ramani ya nchi nzima kwa gharama ya mafuta ya gari na posho.

Ramani hiyo itaokoa kosa moja la gharama kubwa, la kumwaga lami mpya juu ya iliyooza. Tabaka la zamani likiwa limeshaachana na kokoto zake, ukilifunika kwa tabaka jipya lisilopitisha maji unayafungia maji ndani. Chini yanaendelea na kazi yake, juu panapendeza, na baada ya misimu michache vyote viwili vinaondoka pamoja. Kabla ya kila mradi wa kuongeza tabaka, sampuli za tabaka la chini zikatwe na kupasuliwa. Zikionekana zimeoza, likwanguliwe hata kama bajeti inanung'unika.

Kwenye mikataba, Wizara inaweza kurefusha kipindi cha matazamio kwa tabaka la lami peke yake, misimu kadhaa ya masika iingie ndani yake, na sehemu ya fedha inayozuiliwa iachiwe baada ya sampuli za mwaka wa tatu. Wakandarasi watapandisha bei kidogo, hilo nakubali. Watakaoweka chokaa kweli watapandisha kidogo kuliko wanaojua kwamba hawataiweka.

Na mtulinde sisi wa chini. Fundi aliyeandika uwiano wa 0.61 asijikute wiki inayofuata amehamishiwa kupima udongo wa tuta kilometa 80 kutoka mtamboni. Majibu yakiingizwa moja kwa moja kwenye mfumo wa Maabara Kuu siku yanapotoka, na kuonekana kwa Mfuko wa Barabara na kwa mwananchi, hakutakuwa na sababu ya kumhamisha mtu.

Masika huanza Machi. Kabla ya hapo naomba mtangaze mambo matatu tu: kiwango kipi cha kipimo cha maji kitatumika nchi nzima, vipande vipi vya barabara vitakatwa sampuli masika yakiisha, na ofisi ipi itakayotunza majibu ili mtu yeyote akienda kuyaomba ayapate.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi sanifu wa maabara, Morogoro